Mifano ya Matumizi: Herufi B

4 Februari

Baba Kidoti,

Salamu. Kadi zako za kamusi, kuanzia "black" hadi "blind", zimefika, pembe zimelowa kwa sababu umezifunga tena kwenye mfuko wa sukari. Nilikwambia utumie bahasha. Tangu tuachane umekuwa mtu wa mifuko.

Nimezipitia zote. Kwenye "bleed" ulieleza vizuri kwamba ni kutoka damu, na kwamba Waingereza hulitumia pia kwa kumkamua mtu mali yake. Mpaka hapo sina neno. Lakini mfano wako, "Alimkamua mumewe mpaka tone la mwisho, kisha akaondoka na kabati la vitabu," nimeufuta. Badala yake nimeandika, "Kidole chake kinatoka damu." Watoto wa darasa la sita hawana haja ya kujua habari za kabati letu. Na kwenye "bless" nimefuta kile cha "Wamebarikiwa wasio na mhariri."

Usininunie. Mchapishaji alitwambia wazi kwamba toleo jipya litakuwa na majina mawili kwenye jalada kama lile la kwanza, basi na kazi ni ya wawili. Wewe unaandika, mimi nafuta. Tuliifanya hivyo tukiwa chini ya paa moja, tutaifanya hivyo kwa posta mpaka tufike Z, tukijaliwa uhai na subira. Uhai huenda tukawa nao.

Sasa jambo lenyewe. Kidoti ameposwa. Ni yule kijana wa maabara uliyesema ana shingo ndefu. Harusi ni mwezi wa sita. Ningependa habari iishie hapo ikiwa nzuri, lakini Bwana Malori, yule aliyemzaa akatokomea, ameibuka. Amesikia binti yake anaolewa, akaenda moja kwa moja kwa kaka zangu, akalia mbele yao. Wewe unawajua kaka zangu, mwanamume akilia mbele yao wanampa chochote. Wamekaa kikao, wakaona kwamba mzazi wa damu akiwa hai ndiye amwingize binti ukumbini na kutia sahihi kwenye kitabu cha ndoa. Wewe umewekewa kiti mstari wa pili. Kwenye orodha yao wamekuandika "Mlezi".

Kidoti hajasema lolote. Nimeona nikuandikie kabla hujasikia kwa watu.

Mama Kidoti


11 Februari

Mama Kidoti,

Mfuko ule haukuwa wa sukari, ulikuwa wa unga. Mhariri anatakiwa awe makini.

Mpe Kidoti hongera zangu. Yule kijana shingo ni ndefu kweli, lakini nimeuliza huku na huku, tabia yake haina walakini. Namkubali. Ingawa naona kukubali kwangu hakuhitajiki tena, maana mimi ni Mlezi. Chama cha mpira cha shule kina mlezi. Anakuja mara moja kwa mwaka, anapigiwa makofi, anapewa soda, anaondoka. Kwa hiyo nije mwezi wa sita ninywe soda yangu mstari wa pili.

Hebu waulize kaka zako. Bwana Malori alipokuwa anabadilisha gia huko milimani, nani alikuwa anabadilisha nepi? Nilimpokea mtoto yule hajaota jino hata moja, na jino lake la kwanza kung'oka lilidondoka kwenye kiganja changu. Homa zake zote nazijua kwa majina. Wewe ulikuwa shahidi, ulikuwa umesimama pale pale, ingawa siku hizi unaandika kama mtu aliyesikia habari hizi redioni.

Unakumbuka alipoanza kusoma? Alifungua kamusi yetu ile ya kwanza kwenye A, akakuta mfano, "Mtoto huyu ana akili," akaniuliza, "Baba, huyu ni mimi?" Nikamwambia kila "yeye" aliyemo humu ni wewe. Ikawa kazi yake likizo nzima, anapita na kidole ukurasa kwa ukurasa akijitafuta. Akikuta "Yeye ni mvivu" anakuja kulalamika. Nilibadilisha mifano mingapi kwa ajili ya malalamiko yake? Wewe ndiwe uliyezipiga chapa zile kadi upya.

Nimeanza kadi ya "blood". Waingereza wana damu ya mshipani, damu ya ukoo, damu ya hasira, na damu ya kuua kwa utulivu ambayo wao huiita baridi. Sisi tuna moja ambayo wao hawana. Watu wawili wakikutana hawajuani kabisa, wakapendana, tunasema damu zao zimepatana. Nilimchukua Kidoti mikononi, akanitazama, akanyamaza kulia. Sijui kaka zako wataiweka damu hiyo kwenye kikao gani.

Kidoti mwenyewe anasemaje? Nijibu hilo. Ya kaka zako nimeshayasikia.

Baba Kidoti


20 Februari

Baba Kidoti,

Kidoti hasemi. Asubuhi anakwenda kufundisha, jioni anakaa na madaftari ya wanafunzi wake, na ukimgusia habari ya nani atamwingiza ukumbini anasema, "Mtaniambia." Wewe unaweza kudhani hajali. Mimi namjua. Anangoja kitu, na kitu hicho hakitoki kwa kaka zangu wala kwangu. Anangoja wewe umwambie kwamba unataka.

Mwandikie. Mistari miwili inatosha. Mwambie, mwanangu, nataka kukushika mkono siku hiyo. Basi. Usitie mzaha wala habari za gia. Nakuomba kama mtu aliyeishi na wewe. Ukiumia unafanya utani, na utani wako una meno.

Kazini: ofisi inataka B iishe upesi. Watachapa kurasa za sampuli za A na B, wazipeleke shule kadhaa, walimu watoe maoni kabla ya kitabu kizima. Kwa hiyo nataka "blood" hadi "blow" kabla ya katikati ya mwezi ujao. Kwenye "bloody" usisahau kueleza kwamba si damu tu, ni neno la kutukania pia, mwanafunzi asije akalitumia mbele ya mkaguzi akidhani anasifia nyama. "Bloom" na "blossom" uzitenganishe. Toleo la kwanza tuliandika "kuchanua" kwa zote mbili tukaona tumemaliza. La pili ni maua ya mti wa matunda. La kwanza ni ua lenyewe, na mtu aliyenawiri, na ule unga mwepesi juu ya ganda la zabibu ambao ukiugusa unatoka.

Nasubiri kadi. Zaidi nasubiri kusikia kwamba umemwandikia.

Mama Kidoti


2 Machi

Mama Kidoti,

Sitamwandikia.

Nilikaa na karatasi, nikajaribu. Nikaona ninachoandika ni barua ya kuomba kazi. Mpendwa Bibi Harusi, husika na kichwa cha habari hapo juu, naomba nafasi ya baba, nina uzoefu wa kutosha, vyeti vimeambatanishwa. Mwanamume aombe kuwa baba wa mtoto aliyemfunga kamba za viatu mpaka alipokataa mwenyewe? Haombi. Akinitaka ataniita. Jina langu analijua na nyumba ninayokaa anaijua, ndiyo ile ile mliyoihama.

Halafu nimeambiwa jingine, na sikuambiwa na wewe. Fundi cherehani wa hapa mtaani, ambaye dada yake anakaa jirani na wewe, kanieleza kwamba Jumapili Bwana Malori alikuja kwako, akaketishwa sebuleni, Kidoti akamtilia chai kwa mkono wake, na kicheko cha Kidoti kikasikika mpaka nje. Haya. Hongera zao. Mimi nilidhani mtoto yuko kimya kwa uchungu, kumbe kwa wengine anacheka. Ungeniambia tu. Mimi ni mtu mzima.

Kadi hizi hapa, "blood" mpaka "blow", ndani ya bahasha, usije ukasema. "Bloom" nimekufuata, zabibu na unga wake na mtu aliyenawiri, na mfano wa msichana aliyechanua tangu apate kazi. "Bloody" nimeonya. Nimeweka "bad blood" kama uhasama wa siku nyingi, na mfano ni wa mwandishi na mhariri wake. "Bloodless" nimeweka kaka zako, bila kuwataja.

Mifano mingine nimeiandika jinsi nilivyojisikia siku hiyo. Futa utakavyofuta, ndiyo kazi yako.

Baba Kidoti, au vyovyote nitakavyoitwa siku hizi


19 Machi

Baba Kidoti,

Kadi zilikwenda ofisini wiki iliyopita. Zimeshapangwa.

Sasa kaa chini. Jana Kidoti aliwaendea wajomba zake wote watatu, akawakuta kwa kaka mkubwa wakijadili bei ya ukumbi. Hakukaa. Aliwaambia, "Mimi baba ninaye, na ndiye atakayeniingiza. Huyu mwingine akae na wageni." Kaka mkubwa akaanza habari za damu. Kidoti akamwambia, "Mjomba, damu haikunifundisha kusoma." Nilikuwa mlangoni. Sijawahi kumwona akisema na wakubwa namna ile, na hakupaza sauti hata kidogo. Wamekubali. Hawakuwa na pa kupita.

Atakuandikia mwenyewe, ameniambia nisimwibie maneno. Lakini nimeona nikwambie ujiandae, maana ile suti yako ya kahawia siitaki hata kuiona.

Na kuhusu kicheko. Ulipaswa kuniuliza kabla ya kununa. Bwana Malori alikunywa chai yake, akamtazama mtoto aliyemzaa kuanzia kichwani mpaka miguuni, akamuuliza yuko darasa la ngapi. Mwalimu mzima. Kidoti akamjibu, "La sita," na ni kweli, ndilo analofundisha. Naye akampa hongera. Ndiyo maana Kidoti alicheka, na aliendelea kucheka jikoni mpaka kicheko kikageuka kilio. Hayo fundi wako hakuyasikia kwa sababu dirisha la jikoni liko upande wa pili.

Mama Kidoti


27 Machi

Mama Kidoti,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kumsomea fundi cherehani, ambaye hana shughuli nayo hata kidogo. Nikamwambia haya, nipime. Akasema Mwalimu umepungua kifua umeongezeka tumbo. Nikamwambia shona yote mawili. Rangi ni ya bluu iliyokolea. Ya kahawia nimempa mlinzi wa shule, na yeye kaipokea kwa mashaka.

Ningekuwa na haya ningekuomba radhi kwa habari ya chai. Basi chukulia nimeomba. Kumbe aliniita kabla sijaomba, na mimi huku nimevimba kama andazi. Nimefanya mazoezi ya kutembea polepole kutoka mlangoni mpaka dirishani, maana najijua, nikiwa na furaha natembea kama ninayewahi kengele. Anataka nimshike mkono wa kulia au wa kushoto? Muulize bila kumwambia kwamba ni mimi ninayeuliza.

Kijana wa shingo ndefu naye nimemwandikia. Nimemwambia akimtesa mwanangu nitamtia kwenye herufi C, chini ya "coward".

Jambo moja dogo. Katika kadi za "blood" kuna moja, ya tatu nadhani, niliiandika siku ile ya fundi na kicheko. Unaijua hasira yangu. Natumaini uliifuta kama kawaida. Kama kwa bahati mbaya imepita, mwambie karani wa ofisi aitoe, aweke chochote, hata kidole kinachotoka damu.

Baba Kidoti


6 Aprili

Baba Kidoti,

Ni mkono wa kushoto. Viatu viwe vyeusi, na uvivae kidogo kabla ili visikubane. Kaka mkubwa amekubali gharama ya ukumbi, tusimchokoze.

Mambo ya kadi yako mikononi mwa ofisi sasa. Nina kazi nyingi mezani, tutaongea.

Mama Kidoti


15 Aprili

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini hujambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilikuwa nikuandikie tangu mwezi uliopita. Nilianza barua, nikaichana, nikaanza nyingine, kwa sababu nilitaka iwe nzuri. Ungesoma kwamba nakuomba uniingize ukumbini. Mama alishakudokezea, najua, hawezi kunyamaza. Nilichelewa kwa ajili ya kutafuta maneno. Nimechelewa na ninashukuru.

Jumatatu shuleni kwetu zililetwa kurasa za sampuli za kamusi. Nilifurahi kama mjinga. Sikuwaambia wenzangu ni ya nani, nilitaka waone majina kwenye jalada wao wenyewe waulize. Nikaingia nazo darasani. Kuna zoezi nalipenda, ulinifundisha wewe: mwanafunzi afungue popote, asome neno, maana yake, na mfano. Wa kwanza akasoma "bloom". Ua, mtu aliyenawiri, unga juu ya zabibu. Mfano, "Msichana huyu amechanua tangu apate kazi." Nikajijua. Nilitabasamu mbele ya darasa zima.

Aliyefuata akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma "blood". Akasoma maana ya kwanza, ya pili, kisha mfano. "Yeye si damu yangu, nilimlea tu." Alisoma vizuri, sauti imenyooka, mtoto mwenye bidii. Darasa likangoja niseme kitu. Nikawaambia waandike kwenye madaftari. Wakaandika wote. Jioni nikayasahihisha, na kila aliyenakili bila kosa nikampa alama yake.

Najua hukunizaa. Uliniambia mwenyewe nikiwa na miaka kumi, tukatoka tukaenda kununua viatu, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshasahau ni lipi lilikuwa jambo kubwa siku hiyo, habari ile au viatu. Hilo halijawahi kuniuma. Najua pia una ulimi mkali, nimekua nao. Mtu akisema neno kwa hasira linamtoka, kesho anajuta, na yaishe. Wewe hili hukulisema. Ulikaa kwenye meza, ukachukua kadi safi, ukachagua maneno, ukaweka na tafsiri yake ya Kiingereza iliyonyooka, ukalituma lichapwe ili watoto walijifunze. Na wewe ndiye uliyeniambia kwamba kila "yeye" aliyemo humo ni mimi.

Nilisimama mbele ya wajomba nikawaambia nina baba. Imebidi nirudi kwao. Mjomba mkubwa ndiye atakayeniingiza. Hakusema neno la kunisuta, na hilo limenidhalilisha kuliko angenisuta. Bwana wa malori atakaa na wageni kama nilivyosema mwanzo. Usidhani nimemchukua yeye nikakuacha wewe. Sina haja naye.

Naomba usije. Ukija sitakuvunjia heshima, lakini sitajua nikuite nani mbele za watu.

Kidoti


23 Aprili

Mama Kidoti,

Nimemwandikia mara ileile nilipopata barua yake. Imerudi haijafunguliwa. Nimekwenda shuleni kwao, mlinzi akaniambia mwalimu ana kipindi, nikangoja kipindi kikaisha, akaniambia ana kipindi kingine. Niliwaona watoto wanatoka na madaftari. Sikuweza kuwatazama.

Sikiliza. Sina mzaha leo. Tangu tuanze kazi hii, nikiwa na uchungu na wewe au na dunia, nauandika kwenye kadi. Nilijua upo. Nilijua kalamu yako nyekundu itapita. Zile kadi hazikuwa za watoto wa shule, zilikuwa zako wewe. Ulipoondoka hukuniachia njia nyingine ya kusema na wewe. Nikiandika kwamba umenikamua, unanijibu kuhusu kabati, basi najua siku hiyo umenifikiria walau kwa dakika ya kukasirika. Hata ile kadi niliiandika ili wewe uisome uniambie, acha ujinga, mtoto ni wako. Hayo tu ndiyo niliyotaka kusikia. Sikutaka mtu mwingine duniani aisome.

Hujawahi kuacha mfano wangu hata mmoja ukapita. Ulifuta hadi ule wa wasio na mhariri. Kwa hiyo nakuuliza, na nataka jibu la neno moja. Uliiona au hukuiona? Ukiniambia hukuiona, macho yalichoka, kadi zilishikana, nitaamini. Nitasema ni bahati mbaya, na bahati mbaya mtu anaweza kuishi nayo.

Mwambie basi kwamba haikukusudiwa kutoka. Wewe atakusikiliza. Mwambie wewe.

Mwalimu


14 Juni

Mwalimu,

Samahani kwa kuchelewa. Niliona tupite harusi kwanza.

Niliiona.

Niliisoma mara mbili, nikashika kalamu, nikaiweka chini. Ninakueleza ilivyokuwa ili usinitungie sababu nyingine. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa napita nyuma yako nikifuta. Ulimjibu mwalimu mkuu, nikaenda kwa mkewe kusema hakuwa na maana hiyo. Ulitania kwenye msiba wa mama yangu, nikazunguka kwa ndugu zangu mmoja mmoja, nikiwa na msiba wangu mwenyewe, nikisema ndivyo alivyo lakini moyo wake ni safi. Majirani walinizoea. Nilipokuacha nilidhani nimeiacha na kazi hiyo, kumbe ilinifuata ndani ya mifuko yako. Siku ile nilipoikuta kadi ya Kidoti nilikasirika mpaka mikono ikawa baridi. Nikasema, hili si la kunichokoza mimi, hili limemgusa mtoto. Safari hii acha watu wamwone alivyo bila mimi. Nikaziweka kadi kwenye bahasha nikazipeleka mwenyewe.

Wiki moja baadaye mtoto akasimama mbele ya kaka zangu akakuchagua wewe. Kesho yake asubuhi na mapema nilikuwa ofisini kwa karani. Akaniambia kurasa zimefungwa, zimeondoka na gari la asubuhi. Ningeweza kukwambia. Ningeweza kumwambia yeye kabla hajazikuta darasani. Uliponiuliza kuhusu kadi ya tatu nilikujibu habari za viatu. Nilijipa moyo kwamba hakuna anayesoma kurasa za sampuli, walimu wanaziweka kabatini. Nilisahau kwamba huyu mwalimu tulimlea sisi.

Harusi ilikwenda vizuri. Kaka mkubwa alimwingiza, anatembea haraka sana, Kidoti alikuwa kama anayevutwa. Bwana Malori alikula, akapiga picha na kila mtu, akaondoka kabla ya hotuba. Nilikuona. Ulikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka la vitambaa, na suti ya bluu imekukaa vizuri. Tulikuwa ndiyo tunashuka garini. Yeye alikuona kabla yangu. Alisimama, nikadhani atavuka. Akanishika mkono akasema, "Mama, tuingie."

Ulitaka nimwambie kwamba haikukusudiwa kutoka. Siwezi, kwa sababu atauliza swali lile lile uliloniuliza wewe, na mimi kumdanganya mtoto yule ana kwa ana sijui. Anaamini ofisi ilipitisha kadi zako bila mimi kuzipitia. Nilimwacha aamini hivyo. Siku hizi kila jioni anakuja kwangu na mumewe, tunakaa barazani, ananiita mama, anasema ni mimi tu niliyebaki.

Wewe umeshamkosa. Usimwandikie tena kumweleza. Ukimwambia kweli atabaki hana mzazi hata mmoja. Niachie mimi.

Mama Kidoti